Oveni Inakata Umeme wa Nyumba Nzima: Anza na Breka, Koili Baadaye

Oveni ya umeme ikianza kukata umeme, neno la kwanza utakalosikia ni "koili imekufa." Muuza vipuri atakwambia hivyo, jirani atakwambia hivyo, na mafundi wengi watakwambia hivyo kabla hawajafungua hata skrubu moja. Mara nyingine wanapatia. Lakini koili iliyokufa kwa maana ya kukatika haiangushi breka ya mtu. Inaacha tu kupata moto, na keki inabaki uji. Koili inayoangusha breka ni nyingine: inafanya kazi, inapata moto, ila umeme unavuja kutoka ndani yake kwenda kwenye bodi ya oveni, yaani ganda lake la chuma. Na hata hiyo ni sababu moja kati ya nyingi. Nimeona watu wakinunua koili ya juu na ya chini kwa pamoja, kumbe tatizo lilikuwa skrubu iliyolegea nyuma ya soketi.

Kabla ya kutoa hela, tafuta majibu ya maswali mawili. Swichi ipi imeshuka? Na imeshuka wakati gani: ulipochomeka plagi, ulipowasha, au oveni ilipokwisha kupata moto? Ukiwa na majibu hayo mawili, umeshamaliza zaidi ya nusu ya kazi, na hujashika bisibisi bado.

Swichi ipi imeshuka

Fungua kifuniko cha meni swichi uangalie kwa utulivu kabla ya kupandisha chochote. Nyumba nyingi zilizofungwa umeme miaka ya karibuni zina aina mbili za swichi ndani ya boksi hilo. Kuna moja pana, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ndiyo mafundi wanaiita RCD, na wazee wa kazi bado wanaiita ELCB. Kisha kuna breka ndogondogo zimepangwa mstari, kila moja na namba yake ya ampia: C10 au B10 za taa, C20 za soketi, C32 ya jiko kama jiko limevutiwa waya wake.

Kazi zake ni tofauti kabisa. RCD haijali oveni yako inakula umeme kiasi gani. Inafanya kazi kama karani wa mlangoni anayehesabu walioingia na waliotoka: umeme uliotoka kwa fezi (waya unaoleta umeme) lazima urudi wote kwa nyutro (waya unaourudisha). Ikikuta pengo la miliampia 30, inakata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, maana umeme uliokosekana umepita njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mwili wa mtu. Miliampia 30 ni kidogo mno. Oveni ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 8.7, kwa hiyo uvujaji usiofika hata sehemu moja ya mia mbili ya umeme huo unatosha kuzima nyumba. Ndiyo maana kosa dogo ndani ya oveni linazima friji, feni na taa za vyumbani kwa mpigo: RCD moja imebeba nyumba nzima.

Breka ndogo ina kazi mbili. Kukiwa na shoti, yaani fezi imegusana na nyutro au na bodi iliyofungwa ethi (waya unaokwenda ardhini), inashuka papo hapo. Mzigo ukizidi uwezo wake, inashuka taratibu, baada ya dakika kadhaa, kwa sababu kuna kipande cha chuma ndani yake kinachopata joto hadi kinajikunja.

Sasa tafsiri ni rahisi. Imeshuka RCD: kuna uvujaji. Imeshuka breka ndogo papo hapo: kuna shoti. Imeshuka breka ndogo baada ya muda: mzigo umezidi, au kuna kiungo kilicholegea kinachopata moto. Zote mbili zikishuka pamoja, aghalabu ni fezi iliyogusa bodi moja kwa moja. Baadhi ya nyumba zina breka nyembamba zenye kitufe cha T kila moja. Hizo zinafanya kazi zote mbili, kwa hiyo hapo utategemea zaidi jibu la swali la pili, la muda.

Na kama ndani ya boksi hakuna kilichoshuka lakini nyumba iko giza, toka nje ukaangalie mita. Huenda uniti zimeisha, oveni inazila haraka. Huenda pia mita yenyewe imekata kwa sababu mzigo wa nyumba nzima umepita kiwango ilichowekewa, au breka iliyo jirani na mita ndiyo iliyoshuka.

Kabla ya kugusa oveni

Kuzima kitasa cha oveni hakutoshi. Chomoa plagi. Kama oveni imeungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, shusha breka yake kwenye meni swichi, na usitegemee ile swichi kubwa ya jiko peke yake. Oveni ambayo imeshampiga mtu shoti, hata ile ya kutekenya tu, isiguswe tena mpaka umeme wake umekatwa kwenye boksi. Majaribio nitakayoeleza chini ya kuzungusha vitasa na kuchomeka vifaa vingine mtu yeyote mzima anaweza kuyafanya, akiwa amevaa viatu na sakafu ikiwa kavu. Kufungua mgongo wa oveni ni kazi ya mtu anayejua anachokiona.

Inakata ukichomeka tu, oveni ikiwa imezimwa

Hili linawachanganya watu kuliko yote. Vitasa vyote viko sifuri, hakuna kilichowashwa, unachomeka plagi tu na RCD inashuka. Mtu anaapa kuwa oveni haihusiki, maana "haijawashwa."

Inahusika. Swichi za oveni nyingi, hasa za bei nafuu, zinakata waya mmoja tu, wa fezi. Waya wa nyutro unabaki umeungana na koili muda wote plagi ikiwa ndani. Koili ikiwa inavuja upande wa nyutro, au waya wa nyutro umechubuka na kugusa bodi, basi nyutro na ethi zimekutana, na umeme unaorudi kutoka vifaa vingine vya nyumba unagawanyika: sehemu inapita nyutro kama kawaida, sehemu inatorokea kwenye ethi kupitia oveni. RCD inaona pengo, inakata.

Kuna dalili ya pekee inayoambatana na hili, na ukiijua utamsaidia sana fundi. Usiku, vitu vingi vikiwa vimezimwa, oveni inakaa kwenye soketi bila tatizo. Asubuhi mtu akichomeka pasi au birika chumba kingine, umeme unakata. Watu wanailaumu pasi. Pasi haina kosa. Imeongeza tu umeme unaorudi kwenye nyutro, na sehemu iliyokuwa ikitoroka imeongezeka nayo. Chomoa oveni, washa pasi. Ikikubali, mkosaji ni oveni.

Ikiwa inayoshuka ni breka ndogo na sio RCD, oveni ikiwa imezimwa, basi shoti iko kabla ya swichi: kwenye kebo, ndani ya plagi, au pale kebo inapoungwa nyuma ya oveni. Angalia kebo mahali inapopita karibu na mgongo wa oveni. Mgongo huo unapata moto, na kebo iliyobanwa kati ya oveni na ukuta inayeyuka kidogokidogo upande usioonekana.

Inakata papo hapo ukiwasha

Hapa kitasa cha oveni yenyewe ndicho kipimo chako cha kwanza. Oveni nyingi zina kitasa cha kuchagua: taa peke yake, moto wa chini, moto wa juu, wa chini na juu, na zenye feni zina alama yake. Zungusha hatua moja baada ya nyingine, ukisubiri kidogo kila mahali.

Ikikata kwenye taa tu, bado hujafika kwenye koili. Toa balbu ya oveni (umeme ukiwa umechomolewa) uangalie kishikio chake. Mafuta na mvuke hukusanyika pale. Balbu hizi zimetengenezwa kuhimili nyuzi 300, na ukiweka ya kawaida ya nyumbani inapasuka, na inapopasuka inaweza kuangusha breka. Ikikubali taa na moto wa chini lakini ikakata ukifika moto wa juu, umeshajua koili gani ichunguzwe. Ikikata kwenye feni tu, ni mota ya feni au waya zake. Ikikata kila mahali bila kuchagua, acha koili, angalia mahali ambapo waya zote zinakutana: kitasa chenyewe, taima, themostati (kidhibiti joto) na kiungo cha kebo.

Kwenye majiko yale ya plati nne, tatu za gesi na moja ya umeme, usisahau kuijaribu plati ya umeme peke yake huku oveni ikiwa imezimwa. Chungu kikifurika, maji ya wali yanaingia chini ya plati hiyo, na inakuwa yenyewe ndiyo inayovuja huku oveni ikibebeshwa lawama.

Inakata baada ya kupata moto

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu unga, mayai na siagi vimeshaingia. Keki imeanza kuumuka, dakika ya 10 au 20, umeme unakata, na keki inadidimia katikati. Anayeoka kwa ajili ya biashara anaweza kupoteza faida ya wiki kwa kosa la aina hii. Tena hapa ndipo lile swali la kwanza linapokuwa na uzito, maana dalili ni moja lakini magonjwa ni mawili.

Kama inayoshuka ni RCD, elekeza macho kwenye koili. Koili ya oveni ni bomba la chuma. Ndani yake, katikati kabisa, kuna waya mwembamba wa nikeli na kromiamu unaopata moto, na kati ya waya huo na bomba kumeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu. Unga huo una sifa inayohitajika sana: unapitisha joto vizuri lakini hauruhusu umeme. Una udhaifu mmoja: unanyonya unyevu wa hewani. Kwa watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, udhaifu huo si jambo la vitabuni.

Oveni iliyokaa miezi bila kuwashwa, ikapita masika yote kwenye kona ya jiko, ikatolewa siku mbili kabla ya Idi au Krismasi, ina kila sababu ya kuangusha RCD. Unyevu umeingia kupitia ncha za koili, pale waya unapotokea nje. Kwa kawaida ya namna hii inavuja mwanzoni, dakika za mwanzo kabisa, na ikibahatika kukauka inatulia. Ile iliyopasuka inakwenda kinyume: inaanza vizuri ikiwa baridi, na kadiri bomba linavyotanuka kwa joto ndivyo ufa unavyofunguka na uvujaji unavyopanda. Kwa hiyo dakika ya kukata inakwambia jambo. Mwanzoni halafu ikatulia: unyevu. Ikishika moto na kila mara karibu na wakati uleule: koili imechoka.

Ukiitoa koili iliyochoka na kuipitisha kwenye mwanga, mara nyingi kosa linaonekana kwa macho. Kuna uvimbe mdogo, kama kipele, mara nyingi kwenye kona bomba lilipokunjwa. Kuna mstari wa ufa, na kandokando yake unga mweupe umetoka ukaganda. Au bomba zima liko sawa lakini kwenye ncha, pale kaure nyeupe inaposhika waya, kuna kutu ya kijani na masizi meusi. Hiyo ya ncha ni ya kuangaliwa kwa makini katika nyumba za pwani, kwa sababu hewa ya chumvi inakula viungo vya nyuma kwanza, na ukisafisha vizuri na kubadilisha kishikio cha waya, koili yenyewe inaweza kuwa nzima.

Kukausha koili yenye unyevu kunawezekana. Kama RCD inavumilia, washa moto wa chini peke yake kwa nyuzi ndogo, 50 hadi 100, oveni ikiwa tupu na mlango umeachwa wazi kidogo, halafu panda taratibu. Kama RCD haivumilii kabisa, fundi anaitoa koili, anaikausha ndani ya oveni nyingine nzima kwa saa moja au mbili, kisha anaipima tena. Jambo ambalo halikubaliki ni kuiruka RCD "ili ikauke kwanza." Muda wote huo bodi ya oveni itakuwa inavuja na hakuna kinachomlinda mtu.

Kama inayoshuka ni breka ndogo, sahau koili, chukua kalamu. Jumlisha wati, gawa kwa 230. Plati ya umeme ya wati 1500 na oveni ya wati 2000 ni wati 3500, yaani zaidi ya ampia 15. Plagi ya pini tatu bapa imewekewa fyuzi ya ampia 13. Jiko kama hilo halikupaswa kuwa kwenye plagi kabisa, linahitaji waya wake kutoka kwenye meni swichi. Na kama soketi za jikoni zote ziko kwenye breka moja ya ampia 20, ukaongeza birika la wati 2000 wakati oveni na plati zinawaka, umefika karibu ampia 24. Breka haitashuka hapo hapo. Itavumilia, itapata joto, inaweza kushuka baada ya muda, nawe utasema oveni "ikishapata moto inakata."

Ikiwa hesabu ni nzuri na breka bado inashuka, tatizo linaweza kuwa kwenye breka yenyewe. Skrubu inayobana waya ikilegea, kiungo kinapata moto, moto huo unaingia kwenye breka, nayo inadhani mzigo umezidi. Fundi akifungua boksi ataona plastiki ya waya imebadilika rangi karibu na skrubu. Kukaza, au kukata kipande kilichoungua na kufunga upya, kunamaliza kazi. Breka iliyokwisha kupikwa hivyo kwa muda mrefu ibadilishwe kwa nyingine ya namba ileile.

Nimesikia sana maelezo kwamba oveni inakata kwa sababu umeme wa mtaani ni mdogo. Kwa friji au pampu ya maji, umeme mdogo ni shida ya kweli, kwa sababu mota inahangaika kuzunguka na kuvuta umeme zaidi. Koili haina mota. Volti zikishuka, koili inavuta umeme pungufu, na keki inachelewa kuiva, basi. Volti zikipanda ndipo mzigo unapanda: koili ya wati 2000 kwa volti 230 inafika karibu wati 2360 volti zikiwa 250.

Plagi, soketi na ile kalamu

Shika plagi baada ya oveni kufanya kazi nusu saa. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, au pini zimebadilika rangi, au kuna harufu kama ya samaki aliyeoza karibu na soketi, plastiki inaungua. Soketi iliyolegea haiponi kwa kusukumiwa plagi kwa nguvu.

Oveni nyingi zinazoletwa kutoka nje zina plagi ya pini mbili za duara. Ethi yake iko ubavuni, kwenye vipande viwili vya chuma, na inahitaji soketi ya aina yake. Watu wanachukua kalamu, wanaichomeka kwenye tundu la juu la soketi yetu ili matundu ya chini yafunguke, wanasukuma pini mbili ndani. Oveni inawaka. Lakini haina ethi hata kidogo, na pini zimeshikwa vibaya. Adapta nyembamba za bei ya chini nazo nyingi haziunganishi ethi, na hazikutengenezwa kubeba oveni saa nzima. Kata plagi hiyo, fungia plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13, waya wa kijani na njano ukiingia kwenye pini kubwa ya juu.

Ekstensheni ya waya mwembamba, ile ya kuchajia simu na kuwashia runinga, isibebe oveni. Hata nene, ikiwa imeviringishwa kwenye kibiringo chake, joto linakosa pa kutokea na waya zinayeyukiana.

Siku nyingine inakata, siku nyingine haikati

Angalia kilichotofautiana siku hizo mbili. Mvua ilinyesha? Maji yanaweza kuwa yameingia kwenye boksi la viungo darini, na oveni ikawa haihusiki. Oveni ilisafishwa kwa maji mengi, au kitambaa kilichochuruzika kikapitishwa kwenye matundu ya hewa? Iache ikauke siku nzima. Panya wanapenda waya za nyuma ya jiko kwa sababu pana joto na makombo. Mende nao wanajazana ndani ya taima na kwenye viungo, na uchafu wao ukipata unyevu unapitisha umeme.

Kuna tatizo lisilo na mkosaji mmoja. Friji la zamani linavuja kidogo, mashine ya kufulia kidogo, hita ya bafuni kidogo, kila kimoja chini ya kiwango. RCD ya miliampia 30 inaruhusiwa kukata ikipita nusu ya hapo. Oveni nzima ikiongeza uvujaji wake mdogo wa kawaida, jumla inafika. Kulijua hilo, chomoa vyote vingine, siyo kuzima tu, kisha washa oveni peke yake. Ikikubali kwa saa nzima, rudisha kimoja kimoja hadi umkute anayeongoza.

Jaribio lingine lenye faida ni kuchomeka birika au pasi yenye wati nyingi kwenye soketi ileile ya oveni. Ikikata pia, chunguza nyumba kabla ya oveni. Lakini jihadhari na jaribio la kuipeleka oveni kwa jirani. "Kwa jirani inafanya kazi vizuri" ni kauli iliyopoteza hela nyingi. Nyumba nyingi za zamani hazina RCD, na nyingine hazina ethi iliyokamilika. Oveni inayovuja ikiwekwa pale haitakata kitu. Itavuja kimya kimya, na jirani ndiye atakayepigwa shoti.

Kupima koili

Mwenye multimita anaweza kupima koili ikiwa imechomolewa na waya zake zimeachanishwa. Kwa volti 230, koili ya wati 1000 inasoma karibu omu 53, ya wati 1200 karibu omu 44, ya wati 2000 karibu omu 26. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma chini sana ya hapo, ina shoti ndani. Kisha pima kati ya ncha na bomba: hapo isisome kitu kabisa.

Shida ni kwamba multimita inapima kwa nguvu ya betri ndogo, na uvujaji mwingi haujitokezi mpaka volti ziwe kubwa. Kwa hiyo koili "nzima" ya multimita inaweza kuangusha RCD kila siku. Kipimo cha haki ni mega ya volti 500, kifaa kinachopima uvujaji kwa volti kubwa. Ikisoma chini ya megaomu moja, koili ni ya kutiliwa shaka. Fundi anayekuja kwenye kazi ya uvujaji bila mega anabahatisha kwa hela yako.

Ukinunua koili, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha volti, wati, urefu na matundu ya skrubu. Oveni iliyotoka Marekani inaweza kuwa na koili za volti 120, na haifai soketi zetu bila transfoma kubwa. Waya za kuunganishia ziwe za silikoni au za nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba una plastiki ya kuhimili nyuzi 70. Nyuma ya oveni inayooka kwa nyuzi 200, inalainika, inachuruzika, na baada ya miezi michache una shoti mpya juu ya matengenezo uliyoyalipia.

Ukarabati unaoua

Mambo matatu yanafanywa kila siku na yote yanaondoa kukata bila kuondoa kosa. La kwanza ni kuweka breka kubwa zaidi: waya wa milimita 2.5 uliolindwa na breka ya ampia 20 unawekewa ya 32, na kuanzia hapo kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta. La pili ni kuiruka RCD. La tatu, baya kuliko yote, ni kukata waya wa ethi ndani ya plagi.

Niliwahi kuitwa Tanga kwa mama anayeoka keki za oda. Alichoniitia ni soketi ya friji. Nikiwa ninafanya kazi akaniambia, "Fundi, na ile oveni ilikuwa inakata umeme, akaja kijana akaitengeneza, sasa haikati tena. Ila nikishika mlango inanitekenya mkono." Nikamwomba asiiguse tena. Nilipofungua plagi, waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa ukakunjwa nyuma kwa mkanda mweusi. Koili ya chini ilikuwa na ufa. Umeme uliokuwa ukiangusha RCD ulikuwa bado upo, ila sasa ulikuwa unamsubiri yeye, peku, kwenye sakafu anayoipiga deki kila asubuhi. RCD yake ilikuwa nzima, na huenda ingemwokoa. Lakini kumfanya mtu kuwa njia ya kugundulia uvujaji ni jambo ambalo hakuna fundi anapaswa kulifanya, hata kwa haraka, hata kwa hela ndogo.

Kama oveni yako ilikuwa inakata, ikatengenezwa, na fundi hakubadilisha wala kusafisha chochote, fungua plagi uangalie ethi.

RCD yenyewe nayo inazeeka. Kuijua, shusha breka ndogo zote, chomoa kila kitu, pandisha RCD. Ikigoma kukaa hata hapo, ni yenyewe au waya za karibu yake. Ikikaa, bonyeza T: lazima ishuke. Isiposhuka, haikulindi, ibadilishwe. Bonyeza T hiyo kila baada ya miezi michache hata kama oveni haina tatizo.

Ukimwita fundi

Mpe majibu yale mawili kwenye simu: swichi iliyoshuka na wakati iliposhuka. Mwambie pia matokeo ya kitasa, na kama kuna mtu aliyepigwa shoti. Fundi mzuri ataanza kukuuliza maswali zaidi. Anayejibu mara moja "nunua koili" mshukuru umtafute mwingine. Kwa kazi ya kuvuta waya mpya wa jiko, tafuta mwenye leseni: Tanzania zinatolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Waya wa milimita 6 na breka ya ampia 32 ndiyo kawaida kwa jiko kubwa, lakini urefu wa njia na mahali waya unapopita vinaweza kubadilisha hesabu, na hesabu hiyo ni yake kuifanya.

Akimaliza, usimwache aondoke oveni ikiwa baridi. Mwambie aiwashe tupu, moto wa juu na wa chini, nyuzi 200, nusu saa kamili, friji na vitu vingine vya nyumba vikiwa vimechomekwa kama kawaida. Mwambie apime mbele yako kama bodi ya oveni imeungana na pini ya ethi ya plagi. Kisha shika plagi na usikilize soketi: ikiwa ya moto au ina mlio wa kuchirizika, kazi ya oveni imeisha lakini ya soketi bado.